Hirizi ya Chuma: Jawabu kwa Ndugu Aliyeuliza Juu ya Kuweka Bunduki

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake wote. Ama baada ya hayo:

Ndugu yetu mmoja, mtu wa pwani ambaye riziki yake imempeleka bara, ana duka katika mmoja wa miji iliyouzunguka Mlima Kenya. Ametuandikia barua ndefu, nasi tuliisoma katika darasa letu baada ya sala ya Isha, na maneno juu yake hayakwisha usiku ule. Asema kuwa wezi walimwingilia dukani wakati wa magharibi, wakamlaza chini yeye na mwanawe wa miaka minane, wakachukua fedha wakenda zao. Hakuumizwa mtu, lakini tangu siku ile usingizi umemhama. Jirani zake wawili wamemshauri aombe leseni ya bastola, ajifunze kulenga shabaha, awe tayari. Mama yake, aliye huku kwetu, amemkataza, na amempelekea hirizi aitundike mlangoni. Naye atuuliza: lipi katika mawili haya ndilo la Mwislamu?

Kisha mwishoni mwa barua, kama mtu aliyekuwa hataki kulisema, ameongeza jambo jingine. Usiku mmoja alisikia mlango wa nyuma ukigonga, akatwaa panga lililo chini ya kitanda, akasimama gizani na mkono umenyanyuka. Aliyekuwa akiingia ni mtoto wa dada yake, aliyekuja kwake likizo, akitoka chooni. Kijana alikohoa, na kwa kikohozi kile mjomba wake akamjua. Asema ndugu yetu: lau ingalikuwa ni bastola mkononi mwangu, sijui kama ningalingojea kikohozi.

Twasema, na tawfiki ni ya Mwenyezi Mungu: swali lake ni moja, lakini ndani yake mna maswali mawili. La kwanza ni kama Mwislamu ana haki ya kujilinda na kujiandaa kwa silaha. Hili jawabu lake ni jepesi. La pili ni nini hasa kinachomfanya mtu awe tayari. Hili ndilo lililo zito, na watu wengi hulipita bila ya kulitazama.

Tuanze na hirizi, kwani ndiyo iliyotangulia kufika mlangoni. Mama yetu huyu hatumlaumu kwa mapenzi yake, wala hatumfundishi mtoto kumdharau mzazi. Lakini haki lazima isemwe. Karatasi iliyoandikwa kwa zafarani na kushonewa ngozi haimzuii mwizi. Ingalikuwa yamzuia, nyumba za waandishi wa hirizi zisingalikuwa na makomeo. Wenzetu wa kusini mwa Tanganyika waliambiwa mwaka 1905 kuwa maji yatawakinga na risasi za Wajerumani, wakaingia vitani wakiwa na imani hiyo, na waliokufa kwa risasi na kwa njaa iliyofuata hawahesabiki kwa urahisi. Mtume wetu s.a.w. alikuwa ndiye mtu ambaye dua yake yajibiwa kuliko dua ya mtu yeyote. Pamoja na hayo, siku ya Uhud alivaa deraya mbili, moja juu ya nyingine, na alipofika Madina alikubali kulindwa usiku na Saad bin Abi Waqqas, mpaka ilipoteremka aya ya kumwahidi ulinzi wa Mola wake. Na bedui alipomwuliza kama amwache ngamia wake amtegemee Mungu, au amfunge, alimwambia amfunge kisha ategemee. Basi anayesema kuwa maandalizi yapinga tawakkul hajaijua tawakkul.

Ama haki ya kujilinda, hiyo imethibiti kwa hadithi sahihi. Mtume s.a.w. amekhubiri kuwa mwenye kuuawa akiitetea mali yake ni shahidi, na vivyo hivyo mwenye kuuawa akiitetea nafsi yake, au watu wake, au dini yake. Mtu mmoja alimwendea akamwuliza itakuwaje akija mtu kutaka mali yangu. Akamwambia asimpe. Akauliza: je, akinipiga vita? Akamwambia naye ampige. Imo katika Sahihi ya Muslim. Na katika Sura ya Al-Anfal, aya ya 60, Waislamu wameamrishwa kuandaa nguvu waiwezayo, na Mtume s.a.w. akiwa juu ya mimbari aliifasiri nguvu hiyo kuwa ni kulenga shabaha, akalikariri neno hilo mara tatu. Aliwapita watu wa kabila la Aslam wakishindana kwa mishale, akawatia moyo na kuwakumbusha kuwa baba yao Ismail alikuwa mlengaji. Aliwaacha Mahabushi wacheze kwa mikuki ndani ya msikiti wake siku ya Idi. Na amemkemea vikali mtu aliyejifunza kulenga kisha akaacha. Kwa hiyo anayedhani kwamba kujifunza silaha ni mambo ya wahuni, na kwamba ucha Mungu ni kukaa na tasbihi tu na kuogopa mlio wa fataki, huyo ameichukua dini kwa upande mmoja.

Huenda ndugu yetu, akifika hapa, akasema: basi yamekwisha, nakwenda kuomba leseni. Twamwomba angoje kidogo, atazame kwanza ardhi anayoikanyaga. Kwani hakuna nchi katika Afrika Mashariki iliyosomeshwa somo la bunduki kwa gharama kubwa kuliko miji hiyo ya mlimani. Nyeri yenyewe ilianza mwaka 1902 kuwa boma la askari wa Kiingereza. Nusu karne baadaye, Oktoba 1952, ilipotangazwa Hali ya Hatari, kila mtu wa upande huo alianza kusema neno moja: najilinda. Mlowezi alijilinda na watu wa msituni. Mtu wa msituni alijilinda na aliyemnyang'anya ardhi yake. Homugadi alijilinda na ndugu zake. Nayo bunduki haikumwuliza hata mmoja wao kama ana haki au hana.

Tutaje nyumba mbili tu. Usiku wa tarehe 2 Januari 1953, katika shamba la Kizungu wilayani Nyeri, wanawake wawili, Dorothy Raynes-Simpson na Kitty Hesselberger, walikuwa wamekaa baada ya chakula cha usiku na silaha zao karibu. Watu wakaingia ghafula kwa mapanga. Bibi Raynes-Simpson akaiwahi bastola akafyatua, na mwenziwe akatwaa bunduki. Baadhi ya walioingia wakafa, waliobaki wakakimbia. Wanawake wale waliokoka kwa sababu walikuwa tayari, na hilo halikanushiki. Lakini katika patashika ile risasi moja ilimpata mbwa wao wenyewe, aliyekuwa ameruka kuwatetea.

Wiki tatu baadaye, tarehe 24 Januari, huko Kinangop, upande wa pili wa milima ya Nyandarua, palikuwa na nyumba nyingine. Bwana wake, Roger Ruck, alikuwa askari wa akiba wa polisi, mtu aliyeijua bunduki. Aliitwa nje usiku, akatoka, akauawa. Mkewe akatoka kumsaidia, naye akauawa. Mtoto wao wa miaka sita aliuawa kitandani. Na katika waliohusika walikuwamo watumishi wa nyumba ile ile. Mafunzo yale hayakumfaa kitu, kwani adui hakuja kutoka mbele ya mtutu. Alikuja kwa sauti aliyoizoea.

Hatutaji haya kwa kuwasifu walowezi. Ardhi waliyokaa ina habari yake, na dhulma haigeuki kuwa haki kwa kuwa mwenye kudhulumu ameishi kwa hofu. Twayataja kwa sababu mwenye akili huokota funzo hata katika nyumba ya asiyempenda. Baada ya nyumba zile mbili, hofu iliingia katika kila kiuno na kila meza ya chakula. Walowezi walikwenda kuoga na bastola zao. Na hofu hiyo ikazaa sheria, na sheria ikazaa vitanzi. Katika miaka ile, raia wa Kizungu waliouawa walikuwa 32. Waafrika walionyongwa kwa hukumu za mahakama walipita 1,000, na mamia katika hao hawakuhukumiwa kwa kuua mtu, bali kwa kukutwa na silaha au risasi.

Na mashuhuri wao alihukumiwa pale pale Nyeri. Dedan Kimathi alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu tarehe 21 Oktoba 1956, naye ana bastola. Aliyempiga ni Mkikuyu mwenziwe, askari wa kikabila. Katika mahakama ya Nyeri, mbele ya Jaji Mkuu O'Connor, mashtaka yaliyomfikisha kwenye kitanzi yalikuwa ya kumiliki bastola ile na risasi zake bila ya leseni. Alinyongwa Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Leo mji wa Nyeri una Chuo Kikuu chenye jina lake, na sanamu yake yasimama Nairobi tangu mwaka 2007. Heshima yake imerudi, na amestahiki. Lakini twatazama jambo moja tu: bastola aliyoibeba ili imlinde haikumlinda alfajiri ile, na ndiyo iliyokuwa shahidi dhidi yake. Na Desemba 1963, nchi ilipopata uhuru, wapiganaji walitoka misituni wakaweka silaha zao chini katika uwanja wa Ruring'u, hapo hapo Nyeri. Mtu akilifikiri hili ataona kuwa mwisho wa silaha, hata iliyo ya haki, ni kuwekwa chini.

Basi turudi kwenye vitabu vyetu, tuone wanazuoni wamesema nini juu ya yule aitwaye katika fikihi *sail*, yaani mtu anayemrukia mwenziwe kumdhulumu nafsi yake, au mali yake, au heshima ya nyumba yake. Sisi watu wa pwani ni Mashafii, na kitabu cha Minhaj cha Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, twakisomeshana tangu zama za babu zetu. Lakini mlango huu hupitwa upesi upesi, kwani wanafunzi huona ni mambo ya kale ya mapanga na majambia. Lau wangalisimama hapo wangalikuta jambo la ajabu.

Wanazuoni wameweka ngazi. Ikiwa mvamizi aweza kuzuiwa kwa maneno, au kwa kupiga ukelele watu wakaja, ni haramu kumpiga. Ikiwa aweza kuzuiwa kwa mkono, ni haramu kutumia mjeledi. Ikiwa mjeledi watosha, ni haramu kutumia fimbo. Ikiwa kukata kiungo kwatosha, ni haramu kuua. Na ikiwa aliyevamiwa aweza kukimbia akasalimika, basi kauli yenye nguvu katika madhehebu ni kuwa kukimbia ndiko wajibu wake, na kupigana kumeharimishwa kwake. Tena mvamizi akigeuza mgongo, ruhusa imekwisha. Anayemfuata na kumpiga amekuwa yeye ndiye mvamizi. Na wamefarikisha baina ya vitu vyenyewe: kuitetea mali ni ruhusa, si lazima, na mtu ana hiari ya kuiacha iende, lakini kuitetea heshima ya watu wa nyumbani ni wajibu kwa anayeweza bila ya kujiangamiza.

Tazameni sasa bunduki imefanya nini katika ngazi hii. Zamani mtu alipotaka kuua kwa jambia, alikuwa hana budi kumkaribia mwenziwe, amwone uso, asikie pumzi zake. Vidato vya ngazi vilikuwa ndani ya mwili wake mwenyewe. Alilazimika kuvipanda kimoja kimoja. Bastola imeviondoa vidato vyote vya kati. Imebakia sakafu na dari: ama hufanyi kitu, ama umeua. Kikohozi cha mtoto wa dada hakina nafasi baina ya kidole na risasi.

Kwa hivyo twasema, na hili ndilo neno tulilokusudia katika waraka huu: ambaye mkono wake wajua kufyatua lakini moyo wake haujui kutofyatua, huyo hajajiandaa. Amenunua hirizi tu. Hirizi yake ni ya chuma, imetengenezwa kiwandani badala ya kuandikwa kwa zafarani, lakini kazi yake ni ile ile: kuuliwaza moyo wenye hofu bila ya kuuongezea ilimu. Anaiweka chini ya mto kama yule anavyoitundika mlangoni. Na hirizi ya zafarani ina uafadhali mmoja, nao ni kuwa haimwui mtoto wa dada yako.

Huenda mtu akatwambia: mwayasema haya nyinyi masheikh, na bunduki hamkuzijua. Twamjibu kuwa hata waalimu wa shabaha wenyewe, wale wanaofundisha kwa uaminifu, wasema neno hilo hilo. Somo lao la kwanza si kulenga. Ni kanuni nne za adabu. Kwanza, kila bunduki ihesabu kuwa ina risasi, hata kama wewe mwenyewe ndiye uliyeitoa. Pili, usiuelekeze mtutu kwa kitu ambacho hutaki kukiangamiza. Tatu, kidole kikae nje ya kifyatulio mpaka umekwisha kuazimia. Nne, ujue unachokilenga, na ujue kilicho nyuma yake.

Ziangalieni kanuni hizi, kisha mfungue vitabu vya hadithi. Mtume s.a.w. amekhubiri kuwa mwenye kumwelekezea ndugu yake chuma hulaaniwa na malaika mpaka aache, hata akiwa ni ndugu yake wa baba na mama. Yaani hata kwa mzaha. Amekataza mtu kumpokeza mwenziwe upanga uliokwisha kuchomolewa alani. Na amemwamuru anayepita msikitini au sokoni na mishale ashike vichwa vyake kwa kiganja, asije akamjeruhi Mwislamu. Watu wa leo wamezifikia adabu hizi baada ya ajali nyingi na maiti wengi. Sisi tulipewa bure miaka 1,400 iliyopita, tukaziacha vitabuni. Si jambo la kujivunia. Ni la kuonea haya.

Na sheria ya nchi nayo haiko mbali. Nchini Kenya hairuhusiwi kumiliki bunduki ila kwa cheti kitolewacho chini ya Sheria ya Silaha, Sura ya 114, na asili ya sheria hiyo ni katika miaka ile ile ya Hali ya Hatari. Mwenye kuomba huchunguzwa mwenendo wake, akili yake, na uwezo wake wa kuitumia na kuihifadhi. Desemba 2018 Serikali iliwaamuru raia wote wenye leseni waende wakakaguliwe upya, kwani ilionekana kuwa silaha zimeingia mikononi mwa wasiostahiki. Na Kanuni ya Adhabu, katika kifungu chake cha 17, yapima nguvu ya mwenye kujitetea kwa misingi ya sheria ya Kiingereza, ambayo hutaka nguvu hiyo ilingane na hatari iliyokuwapo. Hakimu atakuuliza hatari ilikuwa kiasi gani, na wewe ulifanya kiasi gani. Ndiyo ngazi ile ile ya Nawawi, ijapokuwa imevaa koti jingine. Ama bunduki ya magendo, hiyo hatuna haja ya kuijadili. Kuinunua ni kuwatia nguvu wale wale unaowaogopa.

Hatusemi kwamba hakuna aliyeipata ilimu hii. Tarehe 21 Septemba 2013, wauaji walipouvamia mjengo wa maduka wa Westgate jijini Nairobi, watu 67 wakauawa, mmoja katika raia walioingia ndani kuokoa watu alikuwa Mwislamu, Abdul Haji, mwenye bastola ya leseni. Alikwenda kumtafuta ndugu yake, akabaki kuwatoa wengine, watu asiowajua wala hawakuwa wa dini yake, na mtoto mdogo wa kike akimkimbilia mbele ya macho ya dunia nzima. Siku ile wauaji walikuwa wakijidai kuwa ni Waislamu. Mkono wa Mwislamu ulioshika silaha kuwaokoa wasio na hatia ulikuwa jawabu kuliko khutba zetu nyingi. Lakini tazameni: aliingia palipokuwa na moshi na mayowe na watu wakikimbia huku na huku, na sifa yake si kwa aliowalenga, bali ni kwa wale aliowatoa salama.

Yabakia jambo moja ambalo ndugu yetu hakuliuliza, nalo ni kubwa. Barua yake yote yasema "mimi": mimi na duka langu, mimi na mlango wangu. Na kujilinda kwa mtu mmoja mmoja ndiko kudhaifu. Si mbali na alipo, katika Laikipia, wanakijiji walikuwa wakilindwa na askari wa akiba, wenyeji wenye kupewa bunduki na Serikali. Mwaka 2019 wengi wao walinyang'anywa silaha, kwa kuwa zilisemwa zatumiwa vibaya. Septemba 2021, huko Ol Moran, nyumba na skuli zilichomwa moto na watu wakahama. Wengine husema funzo lake ni kuwa kila mtu awe na bunduki. Sisi twasema sivyo. Funzo ni kuwa ulinzi ni fardhi kifaya: wakiusimamia wachache wenye kujulikana, wenye kufundishwa na kuhesabiwa, umewaondokea wengine, na ukiachwa, wamepata dhambi wote. Ulinzi usio na adabu uliharibika ukaondolewa, na ulipoondolewa bila ya badala, wanyonge ndio waliolipa. Vyote viwili ni makosa.

Basi wenye maduka wa mtaa wake wamekutana lini? Taa ya njia yao imezimika tangu lini, na nani aliyekwenda kuisema? Fedha za siku hukaa dukani mpaka magharibi kwa nini, ilhali zaweza kupelekwa mchana, au kutiwa katika simu? Jirani yake Mkikuyu, amjua jina? Akipiga ukelele usiku, nani atatoka? Imam Nawawi ameuhesabu ukelele wa kuomba msaada kuwa ni katika silaha za mwanzo. Nao haufai kitu kwa mtu asiyejuana na jirani zake. Sisi watu wa pwani tukenda bara tuna maradhi ya kukaa kama wageni miaka thelathini. Twasali peke yetu, twazikana peke yetu, kisha twashangaa kuwa twaibiwa peke yetu.

Tumalizie kwa usiku mmoja wa Madina, uliopokewa katika Bukhari. Watu walisikia kishindo wakaingiwa na hofu, wakatoka kuelekea kulikotoka sauti. Njiani wakakutana na Mtume s.a.w. anarudi. Alikuwa amekwisha kuwatangulia, juu ya farasi wa Abu Talha asiye na tandiko, na upanga umening'inia shingoni mwake. Akawaambia wasiogope, hapana kitu. Ndugu zangu, zingatieni kila jambo katika kisa hiki. Upanga alikuwa nao. Hakusema kuwa Mungu atatosha bila ya upanga. Alikwenda kutazama, hakukaa gizani akanyanyua mkono. Upanga ulibaki shingoni. Hadithi haitwambii kuwa uliguswa. Na alirudi na khabari ya kuwatuliza watu, si ya kuwazidishia hofu. Huyo ndiye mtu aliye tayari.

Na wewe, ewe ndugu uliyetuandikia, jawabu letu ni hili. Kuomba leseni si haramu, na kujifunza shabaha kwa mwalimu mwaminifu ni jambo jema lenye asili katika Sunna. Lakini usiombe mwaka huu. Usingizi wako haujarudi, na mtu mwenye hofu si mtu wa kukabidhiwa risasi. Wewe mwenyewe umetoa ushahidi huo kwa kisa cha panga, na ushahidi wako twaukubali. Litoe panga chini ya kitanda. Tia komeo na taa katika mlango wa nyuma, na umzoeze kila aliye nyumbani kutamka jina lake aingiapo usiku. Kutana na jirani zako. Fedha zikitakwa tena na mwanao yuko ubavuni, zitoe. Mungu amekuruhusu kuziacha, na mtoto hana badala. Usome mlango wa *sail* pamoja na mwalimu. Mwaka ukipita, moyo ukiwa umetulia, ukiona bado wahitaji, basi nenda njia ya sheria, ujifunze sawasawa, na uiweke ndani ya kasha la chuma lenye kufuli.

Na hirizi ya mama, usimrejeshee kwa maneno makali. Mwandikie kuwa wamwomba dua yake badala ya karatasi, kwani dua ya mama kwa mwanawe haihitaji ngozi wala uzi. Kisha, likizo ijayo, mwite tena yule mtoto wa dada yako. Usimwache akakua bila ya kujua kwa nini mjomba wake alilia usiku ule.

Wa billahi tawfiq.